VPN ya Linux inasema "imeunganishwa". Data inapita wapi?

"Niko kwenye VPN, Wi-Fi iwe ya nani hainidhuru." Ndiyo kauli ya kila anayefungua laptopu hotelini, Paje hadi Shangani kule Zanzibar, na inachosha.

VPN hulinda kile kilichoingia kwenye handaki lake, yaani njia yake iliyosimbwa, tu. Kipi kiingie huamuliwa na jedwali la njia la Linux, orodha inayosema data ya anwani ipi itokee wapi, na Wi-Fi ya hoteli inaweza kuliandikia. Tatizo la TunnelVision (CVE-2024-3661), lililotangazwa Mei 2024, ndilo hilo: mwenye kuishika DHCP, huduma inayogawa anwani kwa kila anayeunganika, hutuma chaguo namba 121, lenye njia za ziada. OpenVPN, programu ya VPN, ikiwa na mpangilio wa redirect-gateway def1 huweka njia mbili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, kila moja nusu ya anwani zote. Mshambuliaji akitoa njia finyu zaidi za /2, kila moja robo, au /32 ya anwani moja tu, Linux itafuata zake kwa kuwa ni mahsusi zaidi. Data inatoka kupitia kadi ya Wi-Fi bila kusimbwa na VPN, na kile kialama cha kijani cha VPN hakitikisiki.

Na msiniletee WireGuard, VPN nyingine, hapa. wg-quick, amri ya kuiwasha, huifanya Linux ianze kutazama jedwali kuu na kuruka njia ya default (ya kila kisicho na njia yake) peke yake, kwa hiyo njia za 121 zinapenya vilevile.

Kabla ya kufungua barua za ofisi, andika:

ip -4 route show table main

Mstari wenye "proto dhcp" usioanza na default wala anwani ya ruta, utilie shaka. Dawa kamili ni kuifungia programu kwenye eneo lake la mtandao kwa ip netns, ambamo wg0, kiunganishi cha WireGuard, ndio mlango pekee wa kutokea. Hutaki taabu hiyo? Washa hotspot ya simu, tumia bando lako. DHCP itakuwa yako.

Kauli nyingine: "Msimbo uko wazi, umeshakaguliwa." OpenVPN ilikaguliwa na timu mbili, bado mwaka 2017 mtafiti wa usalama Guido Vranken aliirushia data ovyo kwa programu ya majaribio na kuibua mashimo waliyoyapita. Yalizibwa kwenye matoleo 2.4.3 na 2.3.17.

Na ya tatu: "Nimeshasasisha." Faili, ndiyo. OpenVPN inayoendelea kukimbia kwenye seva hubaki na OpenSSL (maktaba yake ya usimbaji) ya zamani kwenye kumbukumbu mpaka uianzishe upya:

sudo systemctl restart openvpn-server@server

Baada ya @ weka jina la faili lako la usanidi. WireGuard imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo 5.6, hivyo hiyo ni kuwasha mashine nzima upya, kisha kuhakiki kwa uname -r. Ikiwa umeingia kwenye seva kupitia VPN hiyohiyo, utakatika, basi andaa kwanza njia ya pili ya kuingilia.