Kufunga hedi ya Triumph ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Triumph Bonneville, pikipiki za Uingereza, za miaka ya 1960 zina injini isiyotisha: silinda mbili, valvu nne, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya alumini juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Fundi aliyezoea Boxer au TVS akiiona husema hii ni kazi ya asubuhi moja. Kuifungua, ndiyo. Kwenye kufunga ndiko bolti hukatika na gasketi huvuja, na mara nyingi fundi si mbovu. Amekuja tu na imani za pikipiki nyingine.

"Spana za milimita zitafaa, zikikataa nitachukua za inchi."

Zote mbili zinaweza kukataa. Bolti za Uingereza za enzi hizo hufunguliwa kwa spana za Whitworth, na namba iliyochongwa kwenye spana hizo haielezi upana wa mdomo, inaeleza unene wa bolti. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3. Namba 13 haiingii, 14 inacheza, na ya nusu inchi ni ndogo. Ya 5/16 W ni milimita 15.2, nayo haina ndugu wa karibu. Ni 3/8 W peke yake inayokaribia sana namba 18 ya kawaida. Hizo pembe za nati zilizoviringika unazoziona kwenye pikipiki hizi zililiwa na 14 inayocheza.

"Nati ikiingia kwa mkono, ndiyo yenyewe."

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi za bolti zenye pembe ya digrii 55. Baadaye zikaja BSF, aina ya Uingereza yenye nyuzi nyembamba zaidi lakini kwa pembe ileile. Watengenezaji wa pikipiki, ambao wengi wao walitokea kwenye baiskeli, walipenda nyuzi za Cycle: digrii 60, na kwa saizi nyingi nyuzi 26 kwa inchi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vikahamia UNF, nyuzi nyembamba za mfumo wa inchi wa pamoja, nayo digrii 60. Kwa hiyo bolti tatu za unene wa 3/8 zinaweza kulala kwenye sahani moja, ya BSF ikiwa na nyuzi 20 kwa inchi, ya UNF 24, na ya Cycle 26. Kwa macho utasema ni za mama mmoja.

Hizo angalau zitagoma baada ya mizunguko michache. Msaliti ni bolti ya 1/4. BSF yake ina nyuzi 26 na Cycle yake ina nyuzi 26. Nati ya moja inaweza kupanda kwenye nyingine vizuri tu, unahisi umepata, kumbe pembe hazilingani na chuma kinagusana kwenye ukanda mwembamba. Ukikaza, nyuzi zinachunika. Pima unene kwa kalipa, pima nyuzi kwa geji ya digrii husika ukiishika kwenye mwanga, halafu uhakikishe kwenye kitabu cha vipuri kwa namba ya injini. Na usidhani injini moja ina aina moja ya nyuzi. Kuna stadi (bolti zisizo na kichwa, zenye nyuzi pande zote mbili) ambazo upande unaoingia kwenye alumini una nyuzi nene na upande wa nati una nyuzi nyembamba.

"Mkono wa fundi unatosha, toki ni ya watu wa vitabuni."

Toki ni nguvu ya kuzungusha bolti, inayopimwa kwa spana maalumu. Mkono hauwezi kuhisi kinachohitajika, yaani bolti kuvutika kidogo na kuibana hedi. Takribani sehemu tisa kati ya kumi za nguvu unayoweka hupotea kwenye msuguano wa nyuzi na chini ya kichwa cha bolti. Kutu kidogo tu, na bolti itakuwa ngumu mkononi ilhali haijabana kitu. Ukipaka oili pale kitabu kilipotaka nyuzi kavu, utavuta kupita kiasi kwa toki ileile. Oili iliyotuama kwenye tundu lisilotokea upande wa pili ni hatari zaidi: haibanuki, na inaweza kupasua alumini.

Tena toki si moja kwa hedi nzima. Norton Commando, pikipiki nyingine ya Uingereza, ina bolti za 3/8 zinazotaka futi-pauni 30, karibu Nm 41, na za 5/16 zinazotaka 20 tu, karibu Nm 27. Kaza kwa awamu, ukianzia katikati na kutoka nje kwa mshazari.

Hata toki sahihi inaweza kudanganya kwenye Triumph. Kati ya hedi na bloku kuna mirija miwili ya pushirodi (fito zinazosukuma valvu) yenye sili za mpira. Sili zikiwa nene mno, hedi inakalia mirija badala ya gasketi. Spana ya toki inalia "klik" kwa raha zake, na moshi wa kwanza unatokea pembeni. Kabla ya kukaza, pachika kila kitu pamoja na gasketi, laza hedi juu, pima uwazi uliobaki kati ya hedi na gasketi. Mafundi wengi wa Triumph hutaka kati ya inchi 0.030 na 0.040. Pasipo na uwazi kabisa, oili itavuja kwenye mirija.

"Stenlesi ni bora kwa sababu haishiki kutu."

Inang'aa, sibishi. Lakini bolti ya kawaida ya A2-70 ina nguvu ya MPa 700, chini ya 800 za bolti ya chuma ya 8.8, na stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana hadi ukate. Iweke kwenye vifuniko. Hedi iachie chuma.

"Gasketi ya shaba iliyotumika ni ya kutupa." Kama haijakunjika wala kuchimbika, ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu. Italainika tena, uipoze kwa maji au uiache ipoe yenyewe. Shaba haiwi ngumu kwa maji kama chuma kinavyofanya.

"Nimeshakaza, kazi imekwisha."

Gasketi hulala baada ya kuonja joto la kwanza. Iache injini ipoe kabisa, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma na kipimo cha injini ya moto hakina maana, kisha rudia toki kwa mpangilio uleule. Hedi ikishuka, nafasi ya valvu inapungua pia, na wengi husahau hapo. Kwa Bonneville ya 650 rudisha inchi 0.002 kwenye valvu ya kuingiza na 0.004 kwenye ya kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Valvu ya moshi isiyofunga vizuri huungua.