Leza ya macho kwa mwenye kisukari: ukirudi nyumbani

Wagonjwa wengi wa kisukari wanaopigwa leza ya macho, yaani mwanga mkali wa tiba, huondoka kliniki wakitarajia kuona vizuri kuliko walivyokuja. Wiki zinapita, uoni uko vilevile, wanakata tamaa na hawarudi kumalizia awamu zilizobaki. Hili linatuumiza sana, kwa sababu leza hii kazi yake ni kulinda uoni uliobaki. Uliokwisha kupotea kwa kawaida haiurudishi.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Sehemu zinazokosa oksijeni huchochea mishipa mipya kuota, nayo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Leza huunguza sehemu hizo za pembeni ili mishipa hiyo inywee. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa tiba hii hupunguza hatari ya upotevu mkubwa wa kuona kwa zaidi ya nusu. Lakini matokeo huchukua wiki kadhaa.

Siku ya leza mboni hupanuliwa kwa matone, hivyo utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma macho. Usiendeshe gari wala pikipiki. Njoo na ndugu wa kukushika mkono, na kofia au miwani ya jua. Jicho au kichwa kikiuma, paracetamol kwa kawaida inatosha. Kuoga, kupika na kula ni kama kawaida. Kuhusu kusujudu na kubeba mizigo mizito, muulize daktari, hasa kama jicho lilikwisha vuja damu.

Usiweke maziwa ya mama, asali, maji ya majani wala matone aliyobakiza jirani. Baadhi ya matone ya duka la dawa yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ukiyatumia bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda bila wewe kuhisi maumivu, na mshipa wa fahamu wa jicho ukaharibika.

Huenda ukaona kwa shida zaidi gizani au pembeni. Washa taa ya korido usiku, na tuambie kabla hujaendelea kuendesha. Ila ukiona ghafla nyuzi au madoa meusi mengi yanayoelea, mimweko ya mwanga, kivuli kinachoshuka kama pazia, au uoni kuzimika, njoo siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kadi.

Sukari na presha ya damu viendelee kudhibitiwa. Leza haichukui nafasi ya dawa zako. Kama unameza aspirini ya moyo, usiiache kwa hofu ya damu machoni bila kumwuliza daktari. Na mama mwenye kisukari anayepata au kupanga ujauzito atuarifu mapema, maana ujauzito unaweza kuharakisha ugonjwa huu na tutahitaji kumpima macho mara nyingi zaidi.