Volkswagen haikuinunua Rivian, na mengine tunayokosea kuhusu programu za magari ya umeme

Tangu Juni 2024, Volkswagen ya Ujerumani na Rivian, kampuni changa ya magari ya umeme ya Marekani, walipotangaza kwamba watatengeneza pamoja programu za magari ya umeme, maneno yamekuwa mengi vijiweni na kwenye magrupu ya wapenda magari. Mjerumani kaishiwa, Mmarekani kanunuliwa, na yote hayo ni mambo ya wenzetu huko ng'ambo. Nimelifuatilia suala hili tangu siku ya kwanza, kwa sababu naamini litaligusa gari ambalo wewe au mwanao mtakuja kulitoa bandarini miaka michache ijayo. Nianze na kosa ninalolisikia kuliko yote.

Dhana: Programu ya gari ni ile skrini ya katikati, yenye ramani na muziki.

Skrini ni sehemu ndogo sana ya habari hii. Siku moja fundi wangu wa umeme wa magari pale Ilala alifungua dashibodi ya gari langu, akachomoa kisanduku cheusi cha plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni, kikiwa na mkia wa nyaya nyembamba za rangi zote. Akaniwekea mkononi. "Hii ni kontroli boksi ya milango tu," akasema. "Ya breki iko kwingine, ya eabegi kwingine, ya injini kule mbele." Gari la kifahari la siku hizi laweza kuwa na boksi kama hizo zaidi ya mia moja.

Kila boksi ina programu yake, na mara nyingi programu hiyo haikuandikwa na kampuni ambayo nembo yake iko kwenye boneti. Imeandikwa na wauza vipuri wakubwa kama Bosch. Kwa hiyo kampuni ikitaka kubadilisha jambo dogo tu, tuseme taa ziwake mwenye ufunguo anapokaribia, inabidi izungumze na wauzaji kadhaa, kila mmoja na ratiba yake na bei yake. Gari la petroli liliweza kuishi hivyo kwa miongo mingi. Gari la umeme linabanwa zaidi, kwa kuwa kuchaji, kupoza betri, breki zinazorudisha umeme na hata joto la ndani vyote vinategemeana, na wateja wanataka vizidi kuboreshwa wakati gari limeegeshwa nyumbani.

Rivian walilipanga gari lao upya. Badala ya boksi moja kwa kila kazi, wameligawa gari kwa kanda. Boksi ya kanda ya mbele kushoto inahudumia kila kilicho karibu nayo, iwe taa, mlango au kihisi, kisha inapeleka taarifa kwenye kompyuta kuu. Anayemkumbuka mjumbe wa nyumba kumi ataelewa mara moja: watu hawaendi kila mmoja ofisini na shida yake, mjumbe ndiye anayezikusanya. Katika toleo la pili la magari yao ya R1, lililotoka mwaka 2024, boksi zilishuka kutoka 17 hadi 7, na nyaya zikapungua kwa takribani kilomita 2.5 kwa kila gari. Kilomita mbili na nusu za waya, ndani ya gari moja! Mpangilio huo, pamoja na programu inayouendesha, ndio Volkswagen waliokwenda kuutafuta.

Dhana: Volkswagen imeinunua Rivian.

Hapana. Novemba 2024 waliunda kampuni ya ubia yenye makao Palo Alto, California, kila upande ukiwa na nusu. Viongozi wake ni wawili, Wassym Bensaid kutoka Rivian na Carsten Helbing kutoka Volkswagen. Volkswagen waliahidi kuweka hadi dola bilioni 5.8 kufikia 2027, sehemu ndani ya Rivian yenyewe na sehemu kwenye ubia, na fedha hizo hutoka kwa awamu, kadiri malengo yanavyotimizwa. Rivian inaendelea kuuza magari yake na kushindana na Volkswagen sokoni. Betri, mota na mfumo wa gari kujiendesha lenyewe havimo kwenye ubia.

Watu huchanganya ushirikiano na kuungana kwa sababu wakati mwingine vinatangazwa kwa kufuatana. Honda na Nissan walikubaliana Agosti 2024 kufanya utafiti wa pamoja wa programu, Desemba wakaanza mazungumzo ya kuunganisha kampuni, na Februari 2025 mazungumzo hayo yakavunjika. Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti.

Dhana: Kampuni kubwa vile ingeweza kuandika programu yake yenyewe, ni suala la pesa tu.

Pesa waliweka, tena nyingi. Mwaka 2020 Volkswagen waliunda kampuni tanzu, ambayo baadaye iliitwa CARIAD, iandike programu ya magari yote ya kundi lao, kuanzia Volkswagen yenyewe hadi Audi na Porsche. Mwaka huohuo wateja wa kwanza wa ID.3, gari la umeme la Volkswagen, walikabidhiwa magari ambayo baadhi ya huduma zake zilikuwa bado hazijakamilika, wakaahidiwa kwamba zitafuata. Porsche Macan ya umeme na Audi Q6 e-tron zilichelewa sana zikisubiri programu, hadi zikazinduliwa mwaka 2024. Matatizo hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyomwandama mkurugenzi mkuu Herbert Diess, aliyeondoka Septemba 2022 na nafasi yake kuchukuliwa na Oliver Blume.

Kwa maoni yangu, kilichowakwamisha hakikuwa uhaba wa wahandisi wazuri. Ni ukubwa wa nyumba. Unapotakiwa kumridhisha Audi, Porsche na Volkswagen kwa wakati mmoja, juu ya boksi za wauzaji kibao, kila uamuzi unageuka kikao. Rivian ilianzishwa 2009 na haikuwa na magari ya zamani ya kuyabeba mgongoni. Ndiyo maana, mara Wajerumani walipowafuata, timu za pande zote mbili ziliweza kuandaa gari la majaribio linalotembea kwa wiki 12 tu.

Dhana: Basi magari yote yatakuwa sawa.

Tecno na Samsung zote zinatumia Android, na hakuna anayezichanganya. Kinachoshirikiwa ni msingi ambao mteja hauoni. Ugumu wa springi, uzito wa usukani, mwonekano wa skrini na sauti ya mlango ukifungwa vinabaki kwa kila kampuni. Juni 2025 kampuni 11 za sekta ya magari, zikiwemo BMW, Mercedes-Benz na Volkswagen, zilikubaliana kuandika kwa pamoja na kwa uwazi sehemu hizo za msingi. Hao ni washindani wa miaka mingi, na wameona hakuna faida ya kila mmoja kuchimba kisima chake palepale.

Dhana: Kosa la mmoja litazima magari ya wote.

Hii ina chembe ya ukweli, na sipendi wanaoipuuza. Novemba 2023 Rivian walituma kwa mtandao sasisho, yaani toleo jipya la programu, lililobeba cheti cha usalama kisicho sahihi, na skrini za baadhi ya magari zikagoma. Magari yenyewe yaliendelea kutembea, maana mfumo wa kuendesha umetengwa na ule wa skrini. Programu moja ikikaa kwenye magari ya kampuni nyingi, kosa la namna hiyo linaweza kusambaa mbali zaidi. Hata hivyo Volkswagen hawajaweka mayai yote kwenye kapu moja: kwa soko la China wanashirikiana na Xpeng, kampuni ya Kichina waliyoiwekea takribani dola milioni 700.

Dhana: Sisi hayatuhusu, tunanunua magari yaliyotumika.

Hapa ndipo panaponiuma. Kila aliyeagiza gari kutoka Japani anaijua ile redio inayokomea 90 FM, na skrini inayoandika Kijapani hadi leo. Tumezoea kucheka, lakini ile redio ilikuwa somo: gari linatengenezwa likiwa na soko lake kichwani.

Kwa gari la umeme somo ni zito zaidi. Mwaka 2024 Nissan Leaf za zamani za Uingereza zilipoteza huduma ya kuwasiliana na simu, kwa kuwa zilitegemea mtandao wa 2G unaozimwa huko. Mwaka huohuo kampuni ya magari ya umeme ya Fisker ilifilisika, na wenye magari yake ikabidi waunde chama chao wenyewe wahangaikie sasisho na vipuri.

Volkswagen ya kwanza kubeba programu ya ubia huu inatarajiwa kuwa ile iliyoonyeshwa Machi 2025 kwa jina ID. EVERY1, gari dogo la takribani euro 20,000, lililopangwa kuanza kutengenezwa 2027. Kwa kanuni ya Kenya inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, la mwaka huo linaweza kushushwa Mombasa likiwa limetumika, hadi katikati ya miaka ya 2030.

Ukikutana nalo yadi, au gari lolote la umeme la kizazi hiki, kabla ya kulipa mwambie muuzaji aliwashe mbele yako. Angalia kama akaunti ya mmiliki wa kwanza imefutwa. Soma tarehe ya sasisho la mwisho kwenye skrini, na uliza kama kampuni bado inatuma masasisho kwa gari lililotoka nje ya nchi lilikouzwa. Kisha mwite fundi wako achomeke mashine yake ya kupima, muone ni boksi ngapi inaweza kuzisoma.