Rumi si Roma ya Italia

Kila inapotajwa Sura ya 30 ya Kurani, hakosekani wa kueleza kwamba Warumi walioshindwa ni watu wa Italia. Mwingine husoma "Usultani wa Rumi" akadhani Waturuki waliwahi kutawala mji wa Papa. Rumi, katika maandishi ya Waarabu, Waajemi na Waturuki, ni dola ya Roma ya mashariki, na baadaye ardhi iliyokuwa yake: Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo. Maana ni hiyo.

Ili kuliona vizuri, tazama wilaya moja tu. İznik, katika mkoa wa Bursa, ni wilaya ya mashamba, zeituni na ziwa. Zamani mji wake uliitwa Nikea. Mwaka 74 KK mfalme wa mwisho wa Bithinia, nchi uliyokuwamo mji huo, aliwausia Warumi ufalme wake, nao mji ukawa wao. Mwaka 325 Konstantino, mfalme wa Roma, aliwakusanya maaskofu hapo, ndipo ikapatikana Imani ya Nikea, ungamo la imani la Wakristo. Mwaka 476 Italia ilipompoteza mfalme wake, Nikea haikumpoteza wa kwake: alikuwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, na aliendelea kuitwa mfalme wa Warumi.

Watu wa Nikea walisema Kigiriki, lakini walijiita Warumi. Hawakujiita Wabizanti, kama vitabu vya leo vinavyowaita. Jina hilo, kwa maana tunayolipa sasa, lilianza kuenezwa na msomi Mjerumani Hieronymus Wolf mwaka 1557, zaidi ya miaka 100 baada ya Konstantinopoli kutekwa na Waturuki. Tangu Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, avishwe taji la ufalme wa Warumi mjini Roma mwaka 800, Ulaya ya magharibi ilitaka urithi wa Roma uwe wake peke yake, ikamwita mtawala wa mashariki "mfalme wa Wagiriki". Waislamu hawakuwa na haja hiyo. Waliwaita watu hao kama walivyojiita wenyewe, na hapa naona wao ndio waliokuwa sahihi zaidi.

Ndiyo maana Waseljuki, watawala wa Kituruki, walipoufanya mji wa Nikea makao yao katika karne ya 11, dola yao iliitwa ya Rumi: ilikalia ardhi ya Warumi. Mwaka 1097 wapiganaji wa Msalaba, Wakristo wa Ulaya magharibi, waliuzingira, ukarudi kwa mfalme wa Konstantinopoli, na baadaye makao ya masultani yakawa Konya. Jalaluddin, mshairi aliyefia Konya mwaka 1273, anaitwa Rumi kwa sababu ya nchi hiyo. Asili yake ni upande wa Balkh, katika Afghanistan ya leo.

Mwaka 1204 wapiganaji wa Msalaba waliiteka Konstantinopoli yenyewe. Theodoros Laskaris akaanzisha serikali Nikea, na hadi 1261 wafalme wa Warumi walikaa huko, wakiwaita wavamizi hao, watu wa Kanisa la Roma, Walatini. Orhan, sultani wa Waturuki wa Osmani, aliuchukua mji wa Nikea mwaka 1331. Jina halikufa: hadi leo Waturuki huwaita Wagiriki Waorthodoksi wa nchini mwao Rum.

Basi anayefasiri sura ile aseme ni Warumi wa Konstantinopoli, waliokuwa vitani na Waajemi. Na anayependa kuandika "Bizanti" aandike, mradi asimwambie msomaji kuwa hao ni watu wengine.