Mapo tofu: nusu pilipili, nusu ganzi

Mteja akiniuliza aanze na nini kwenye vyakula vya Sichuan, namwambia mapo tofu. Ni tofu laini, nyama ya ng'ombe ya kusaga kidogo, na mchuzi mwekundu unaong'aa kwa mafuta. Migahawa mingi ya Kichina huku nje inaipika, lakini mara nyingi unacholetewa ni tofu yenye pilipili basi. Hilo linaniuma, kwa sababu pilipili ni nusu tu ya chakula hiki. Nusu ya pili ni ganzi.

Ganzi inaletwa na huajiao, maganda makavu ya tunda dogo la mti wenye miiba. Watu huidhani kuwa aina ya pilipili manga, kumbe ukoo wake ni wa malimau na machungwa. Ukisugua punje viganjani utapata harufu ya ganda la limau. Hata Afrika Mashariki tuna jamaa yake wa karibu. Mjafari, ule mti ambao gome lake huchemshwa kuwa dawa, ni wa jenasi hiyohiyo ya Zanthoxylum. (Msiweke gome la mjafari kwenye tofu, tafadhali. Ni spishi nyingine na ina kazi yake.)

Ndani ya huajiao mna kemikali iitwayo sanshool. Pilipili huamsha neva za joto na maumivu, lakini sanshool huamsha neva za mguso. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu huajiao mdomoni, kisha wakawataka walinganishe wanachokihisi na mtetemo wa kifaa kilichowekwa kidoleni. Majibu yalikaribia mitetemo 50 kwa sekunde. Midomo inahisi kutetemeka ilhali hakuna kinachoitikisa! Wasichuan huita ganzi hiyo "ma", na ukali wa pilipili huuita "la", na mpishi wao hupimwa kwa jinsi anavyovilinganisha viwili hivyo.

Chakula chenyewe kilizaliwa Chengdu, mji mkuu wa mkoa wa Sichuan. Mwaka 1862, karibu na daraja la Wanfu upande wa kaskazini wa mji, ukoo wa Chen ulikuwa na mgahawa mdogo. Aliyepika ni mke wa mwenye mgahawa. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, ndiyo maana watu wakamwita Chen Mapo, yaani Bibi Chen mwenye makovu. Wateja wake walikuwa wapita njia na wachukuzi, wakiwemo waliobeba mafuta ya kupikia kuyapeleka mjini. Wenyeji wa Chengdu husimulia kwamba wachukuzi hao walikuwa wakimchotea mafuta kidogo kutoka kwenye mzigo wao, wananunua tofu na nyama kwa majirani, naye anawapikia kwa ujira wa kupika tu. Mimi nikikiangalia chakula chenyewe, naona masimulizi hayo yanaingia akilini: mafuta tele, nyama kiduchu, tofu ya bei ya chini, na mchuzi wa chumvi na ukali wa kuteremshia wali mwingi. Hicho ni chakula cha mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri. Mwanzoni mwa karne ya 20, Fu Chongju alipoandika mwongozo wake wa mji wa Chengdu, tofu ya Chen Mapo ilikuwa tayari miongoni mwa vyakula vyenye jina.

Pilipili ndiyo iliyokuwa mgeni. Ilitoka Amerika, sawa na hii tunayoila sisi, na huko China pilipili ilitajwa katika maandishi mwaka 1591 kama mmea wa kupendeza macho. Ilichukua muda mrefu kuingia kwenye vyungu vya Sichuan, ambako huajiao ilikuwa mwenyeji tangu kale.

Lakini roho ya mchuzi iko kwenye doubanjiang, rojo ya pilipili na maharage mapana, yale ambayo Waarabu hupikia ful. Iliyo bora hutoka Pixian, kando ya Chengdu. Maharage huchachushwa na chumvi na unga wa ngano, yakachanganywa na pilipili nyekundu, kisha yakakaa kwenye mitungi uani. Mitungi hufunuliwa ipate jua, hukorogwa kila siku, na hufunikwa mvua ikija. Rojo ya mwaka mmoja bado ni nyekundu; ikifika miaka mitatu inakuwa hudhurungi iliyokolea, na utamu wake hauna mfano. Ukiikosa hiyo, usijisumbue kutafuta mbadala kwenye tomato sosi. Pika kitu kingine.

Jikoni mambo huenda haraka, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mezani. Tofu iwe ile laini inayotikisika kama maziwa mgando. Naikata vipande vya sentimita mbili, naiweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, yasiyochemka. Chumvi huiondolea maji ya ziada na harufu ya soya mbichi, na joto huifikisha katikati. Nyama naikaanga kwenye karai mpaka maji yote yakauke na chembe zianze kulia chini ya upawa. Ikibaki na unyevu, mchuzi utakuwa na vinyama vilivyolegea. Ndipo moto unapunguzwa, doubanjiang inaingia, nangoja mafuta yageuke mekundu kabisa. Hapa pana wengi wenye haraka, na haraka hiyo huonekana sahanini: mchuzi wa kahawia, mafuta meupe. Kisha tangawizi, soya nyeusi iliyochachushwa, unga wa pilipili, supu, na tofu. Siikorogi. Naisukuma kwa mgongo wa upawa. Wanga uliokorogwa na maji naumimina mara tatu, kidogokidogo, kwani tofu huendelea kutoa maji na mchuzi wa mara moja hukatika.

Huajiao huja mwisho. Naitoa mbegu zake nyeusi, ambazo ni mchanga mtupu mdomoni, naikaanga bila mafuta kwa moto mdogo, naisaga na kuichekecha asubuhi ileile. Ikilala siku kadhaa, ganzi inakimbia.

Kwa nini basi nje ya Sichuan nusu hii ilipotea? Japani, mpishi Chen Kenmin, Msichuan aliyefika huko mwaka 1952 na kufungua mgahawa wake Tokyo mwaka 1958, aliilainisha mapo tofu ili ndimi za wenyeji ziikubali, na ikapendwa nyumba kwa nyumba. Marekani, serikali ilizuia huajiao kuingia tangu mwaka 1968 hadi 2005, ikihofia ugonjwa wa bakteria wa michungwa. Wapishi wa huko walipika bila kiungo hicho, au kwa kilichopita kwa siri, na kizazi kizima cha walaji kikakua kikijua ukali peke yake. Naheshimu alichofanya Chen, maana alijua anachokiacha. Anayeiga siku hizi, huku huajiao inauzwa kwenye maduka ya Kichina, hana sababu hiyo.

Ukienda kuagiza, muulize mhudumu kama wanaweka huajiao, na kama inasagwa hapohapo. Omba wali mweupe mtupu, usiwe wa kukaanga. Kula kwa kijiko, chakula kikiwa bado kinafuka moshi.