Kabla hujaomba msaada wa pampasi, pima mkojo

Familia za Moshi na Arusha zinazomhudumia mtu asiyeweza kuzuia haja huuliza swali lile lile: serikali inatoa pampasi? Tanzania haina fungu moja la kazi hiyo. Ipo milango kadhaa ya pembeni, kila mmoja na masharti yake, na anayebisha hodi akiwa na hesabu mkononi husikilizwa haraka kuliko anayesema tu "naomba msaada". Hesabu yenyewe inaanzia nyumbani. Ukishaipiga, mara nyingi utakuta kitu cha kwanza kinachohitajika si pampasi.

Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, au mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, anaweza kuwa na kibofu kisichomwaga mkojo wote. Kinajaa, kinafurika, na unaotoka ni ule wa juu tu. Ndugu wanaona shuka limelowa, wanaongeza pampasi. Mkojo uliobaki ndani unazaa vijidudu, na presha ya kibofu kilichojaa inapanda kwa mirija hadi kwenye figo. Mgonjwa haumwi popote, maana hisia za chini zimepotea. Uso na miguu vikianza kuvimba, figo zimeshaumia vya kutosha. Ndiyo maana sipendi kuona mtu wa aina hii akipewa katoni ya pampasi kabla kibofu chake hakijapimwa. Msaada wenyewe unaficha ugonjwa.

Kipimo cha nyumbani kinachukua siku tatu. Tafuta daftari, jagi lenye mistari ya mililita (kama hakuna, kata juu chupa ya maji ya lita moja na uichore mistari kwa kutumia sirinji), na mzani mdogo wa jikoni. Andika kila anachokunywa, saa na kiasi, uji na supu vikiwemo. Akikojoa kwenye jagi, soma mililita. Akilowesha pampasi, ipime, kisha toa uzito wa pampasi kavu ya aina ile ile. Kila gramu iliyozidi ihesabu kuwa mililita moja. Pampasi kavu ya gramu 90 ikitoka na gramu 340, humo mna mkojo wa mililita 250. Andika pia saa aliyopata choo. Usimpunguzie maji ili akojoe kidogo. Mtu mzima ambaye daktari hajamwekea kiwango anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Mkojo mzito huchokoza kibofu na kuleta maambukizi, hivyo kulowa kunazidi badala ya kupungua.

Daftari hilo lipeleke hospitali. Kwa mkoa wa Kilimanjaro utaanzia Mawenzi au hospitali ya wilaya, na kesi ngumu zinapanda KCMC. Kwa Arusha ni Mount Meru. Omba vitu vitatu kwa majina yake: kipimo cha mkojo unaobaki baada ya kukojoa, ultrasaundi ya figo na kibofu, na kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kwa mtu mzima, mkojo unaobaki ukizidi mililita 100 mara kwa mara, kuna jambo la kushughulikia.

Hapo ndipo mpira wa mkojo unapoingia, na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea dukani. Ipo mipira ya aina mbili. Wa Foley una puto, unakaa ndani, na unaunganishwa na mfuko. Wa Nelaton ni bomba jepesi lisilo na puto: unaingiza, mkojo unatoka, unatoa. Kwa mtu anayeweza kujihudumia au mwenye mlezi aliyefundishwa, wa kuingiza na kutoa ndio bora. Kibofu kinamwagwa kila baada ya saa nne hadi sita na hakiachwi kupita mililita 500. Famasi zetu nyingi zina Foley tele na Nelaton kwa kubahatisha, basi familia inauziwa Foley "kwani si ni mpira tu". Umelegea, unajikunja njiani, na bei ni ya juu bure. Taja jina na namba. Namba ikigawanywa kwa tatu inakupa kipenyo kwa milimita, na rangi ya kichwa ndiyo kitambulisho: 10 ni nyeusi, 12 nyeupe, 14 kijani, 16 rangi ya chungwa. Watu wazima wengi wanatosheka na 12 au 14. Mtoto hupangiwa na mtaalamu, kwa kawaida kati ya 6 na 10.

Watengenezaji huandika kwamba Nelaton ni wa kutumika mara moja. Mara tano kwa siku ni mipira 150 kwa mwezi, na nyumba nyingi za hapa haziwezi. Kliniki nyingi katika nchi za kipato cha chini hufundisha kuurudia kwa mtu yule yule: uoshe kwa sabuni ndani na nje mara tu baada ya kutumia, pitisha maji safi, kung'uta, ukauke kabisa, uweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kosa kubwa ni kuufunga ukiwa bado mbichi ndani. Ukikakamaa, ukifanya ukungu au ukikwaruza, tupa. Hauazimwi, hata kwa pacha. Kwa mwenye mgongo wazi ongeza tahadhari moja: watoto hawa wanapata mzio wa mpira wa asili kirahisi kwa sababu ya kuguswa nao tangu utotoni, kwa hiyo glavu na mipira yao iwe ya plastiki au silikoni. Iandike kwenye kadi yake ya kliniki kwa wino mwekundu.

Wanaobaki na Foley wajue muda. Ule wa mpira wa asili hubadilishwa takribani kila wiki nne; wa silikoni tupu unaweza kufika wiki 12. Mfuko ukae chini ya kibofu wakati wote, hata mtu akipandishwa kwenye daladala. Wanaume wengine hutengenezewa kifaa kwa kondomu ya kawaida, bomba na plasta. Plasta isiyovutika ikizungushwa duara kamili kwenye uume inaweza kuzuia damu, na asiye na hisia hatajua mpaka rangi ibadilike. Na kwa aliyeumia shingo au kifua cha juu, pingili ya sita ya kifua kwenda juu: akishikwa ghafla na kichwa kikali, jasho usoni na presha kupanda, mkalishe wima, legeza nguo, angalia kama bomba limejikunja, mwage kibofu. Usipoona nafuu hapo hapo, ni hospitali, na ni dharura.

Choo kikubwa kinasahaulika. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu unakandamiza kibofu na kuongeza kuvuja. Mkalishe chooni zikipita dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, kila siku saa ile ile, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamka.

Sasa pesa.

Mlango wa kwanza ni msamaha wa matibabu. Unaanza na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, inapita kwa mtendaji, inaishia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye anayetathmini uwezo. Msamaha unagusa kumwona daktari, vipimo na mpira unaowekwa pale pale. Vya kutumia nyumbani usivitegemee kutoka hapo. Watu wanakosea kwa kuja na barua siku ya upasuaji. Nenda ofisi ya ustawi siku ya kliniki, mapema, kabla bili haijaandikwa.

Bima nayo ina mipaka hiyo hiyo: inalipia huduma na vifaa vilivyo kwenye orodha yake, kwa hiyo pampasi za nyumbani zihesabu nje ya bima. Ila Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, na wanaotambuliwa ni wale walio kwenye orodha. Hakikisha jina la mtu wako limo kwenye rejista ya watu wenye ulemavu ya mtaa au kijiji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ndiyo msingi wa rejista hiyo. Mtoto aliyefichwa ndani hana mstari kwenye daftari la mtu yeyote.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inatoa fedha kwa kaya maskini, na fedha hiyo haidaiwi risiti ya pampasi. Lakini mlango wake ni umaskini wa kaya: majina yanapendekezwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, kisha kaya inadodoswa. Ulemavu peke yake haukuingizi. Siku ya dodoso sema gharama za haja kama zilivyo, bila haya. Wengi hutaja chakula na kodi, wakaona aibu kutaja sabuni na nepi zinazomeza nusu ya matumizi ya wiki.

Halafu ile asilimia mbili. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mkopo usio na riba, wala si ruzuku ya matumizi. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ukiukopa ununue pampasi, mwezi wa tatu pampasi zimekwisha na deni lipo. Naona una maana pale kikundi kinapoanzisha biashara ya kitu wanachokihitaji wenyewe: kushona nepi za kufua za flana na pamba zenye kava ya plastiki, au kununua pampasi za watu wazima kwa jumla na kuuza Mbuyuni, Moshi, au Kijenge, Arusha, kwa bei ya chini ya famasi.

Wenzetu wanafanyaje? Kenya, hapo ng'ambo ya Namanga, hulipa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hazikupangiwa haja, lakini angalau zina tarehe. Australia tangu 2010 ina malipo maalumu ya vifaa vya kuzuia haja, yanaingia kwenye akaunti ya mhusika mara moja au mbili kwa mwaka baada ya mtaalamu wa afya kujaza fomu kwamba tatizo ni la kudumu na kubwa. Uingereza imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa hivi anavyonunua mtu mwenyewe. Njia hiyo ya kodi mimi siiamini sana kwa hapa. Taulo za kike ziliondolewa kodi hiyo mwaka 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba bei haikumshukia mnunuzi. Fomu ya Australia ndiyo ya kuiga, kwa sababu inamlazimisha mtaalamu apime kabla pesa haijatoka.

Ukiomba halmashauri, kanisa, msikiti au mfadhili, barua iwe na namba. Mfano:

"YAH: OMBI LA VIFAA VYA HAJA. Mhusika ana miaka 24, ameumia uti wa mgongo, amepimwa hospitali (cheti kimeambatishwa). Anahitaji kwa mwezi: mipira ya Nelaton namba 14, vipande 30, mmoja kwa siku kwa kuuosha na kuurudia, pampasi za watu wazima saizi ya kati, vipande 30, moja kila usiku, jeli ya kulainishia, tyubu 2, sabuni ya kipande, 4. Kwa mwaka: makintoshi (shuka la kuzuia godoro lisilowe) 2. Kaya inamudu sabuni na jeli. Tunaomba mipira, pampasi na makintoshi."

Ile sentensi ya kusema kaya inamudu nini ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Afisa anaona mmeshirikiana, na ombi linapungua hadi kiasi kinachoweza kusainiwa. Taja pia Shirika la Afya Duniani: orodha ya shirika hilo ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, iliyotoka 2016, ina vifaa vya kunyonya mkojo pamoja na viti vya magurudumu. Viongozi wanaelewa kiti haraka kwa sababu kinapigwa picha kwenye makabidhiano.

Saizi ipimwe kwa utepe kiunoni na nyongani, uchukue namba kubwa kati ya hizo mbili. Pampasi kubwa kupita kiasi inavuja mapajani hata kama ni ya gharama. Ngozi ipakwe mafuta kwa wembamba. Mafuta mazito yanaziba uso wa pampasi, mkojo unaelea badala ya kunyonywa, na mlezi anadhani ameuziwa feki. Zilizotumika zisitupwe kwenye choo cha shimo. Haziozi, na gharama ya kuvuta choo itakuja juu ya zile nyingine.

Mwisho, kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mahitaji ya mitaa na vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi la Juni linakuta vitabu vimefungwa. Peleka kwa mtendaji wa kata kabla mwaka wa kalenda haujaisha, nakala kwa kamati ya watu wenye ulemavu na kwa afisa ustawi wa halmashauri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.