Skrini ya roboti si karatasi: dhana potofu kuhusu kuipanga kwa bloku

Mtoto ameunganisha kwenye kompyuta bloku mbili, yaani vipande vya amri vinavyoburutwa na kushikanishwa kuwa programu ya roboti: onyesha uso wa furaha, kisha onyesha uso wa huzuni. Anabonyeza kitufe, roboti inanuna. Anabonyeza tena, inanuna vilevile. "Bloku ya kwanza imeharibika," anasema, na mkono tayari uko kwenye kipanya aifute.

Haijaharibika. Uso wa furaha ulikuja ukaondoka kabla jicho halijaunasa. Nimekaa na watoto wengi mbele ya roboti hizi za kuchezea, pamoja na wazazi na walimu wao, na naona makosa mengi ya skrini yana chanzo kimoja: tunaichukulia kama karatasi. Ulichochora kwenye karatasi jana, leo utakikuta. Skrini ya roboti hutii amri moja baada ya nyingine, na kila amri ina muda wake.

"Nikiweka picha mbili nitaziona zote mbili"

Inategemea bloku uliyochagua. Chukua micro:bit, kadi ndogo ya kompyuta ambayo BBC iliwagawia wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, na ambayo sasa ndiyo ubongo na uso wa roboti nyingi ndogo. Skrini yake ni taa 25 za LED, tano kwa tano. Ukiipanga kwa MakeCode, programu ya kompyuta ya kuunganishia bloku za kadi hii, bloku ya kuchora picha kwa taa husubiri milisekunde 400 kabla ya kuipisha inayofuata. Ile ya picha zilizo tayari husubiri 600. Kwa hiyo mtoto huziona nyuso zote mbili, akaamini kwamba kila bloku hungoja. Siku akijaribu bloku ya kuwasha nukta moja na ile ya kuizima, ambazo hazingoji chochote, haoni kitu. Prosesa ya toleo la kwanza la kadi hiyo hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde; kuwasha na kuzima nukta ni jambo la kufumba na kufumbua, tena kufumba kwenyewe ni kurefu mno.

LEGO EV3, roboti ya kujiundia iliyotoka mwaka 2013, ina mtego mkali zaidi. Programu yake ikiisha, skrini hurudi kwenye menyu. Andika programu ya bloku moja tu ya kuonyesha jina lako: jina litaandikwa, programu itaisha papo hapo, nawe utabaki unaitazama menyu. Dawa ni bloku ya subiri. Iweke baada ya kila unachotaka kionekane, hata cha mwisho.

Kinyume chake nacho kinasumbua. Wapo wanaodhani nukta ikihamishwa, ile ya zamani itajizima. Haijizimi. Ukiusogeza mpira kwa kuwasha nukta ya pembeni pekee, mpira utaacha mkia hadi ukingoni. Zima ulipotoka, washa unapokwenda.

"Y ikiongezeka, kitu hupanda"

Hapa nina la kusema kwa urefu, kwa sababu dhana hii huwavunja moyo hata wale wanaojua hesabu vizuri.

Darasani tumefundishwa kwamba mhimili wa y hupanda juu. Scratch, lugha ya bloku ya kompyuta iliyozinduliwa na chuo cha MIT mwaka 2007, inakubaliana na darasa: jukwaa lake lina upana wa 480 na kimo cha 360, sifuri iko katikati kabisa, na y ikiongezeka paka, mhusika wake, hupanda. Mtoto akizoea hivyo miezi sita halafu ukampa roboti, atatengeneza mpira unaoruka, ataongeza y kwa moja, na mpira utashuka.

Kwenye skrini nyingi za roboti sifuri iko kona ya juu kushoto, na y huhesabiwa kwenda chini. Hiyo ndiyo njia ya macho yanaposoma ukurasa, na ndivyo televisheni za zamani za mirija zilivyochora picha, mstari kwa mstari kuanzia juu. Kwa hiyo anayetaka mpira uruke hupunguza y.

La pili ni kwamba hesabu huanzia sifuri. Kwenye taa tano kwa tano, nukta ya mwisho kulia chini ni 4 na 4, si 5 na 5. Ukiandika 5, micro:bit hailalamiki wala haitoi onyo. Haiwashi taa yoyote tu. Ukimya huo ndio mbaya, kwa sababu mtoto hurudi kutafuta kosa kwenye bloku nyingine zisizo na hatia. Mimi huwapa karatasi yenye miraba 25 waandike namba za kila mraba kwa penseli kabla hawajagusa kompyuta. Dakika kumi zinatosha, na maswali hupungua sana.

"Skrini ni pambo, haihusiani na mwendo"

Roboti ina sensa ya umbali, kifaa kinachopima ukuta uko mbali kiasi gani. Ndani ya kitanzi cha kurudia daima mtoto ameweka: nenda mbele, andika HABARI, pima umbali, ukiwa karibu na ukuta simama. Roboti inaenda, herufi zinapita moja moja kwa madaha, na kabla R haijamalizika gari limeshagonga ukuta.

Sensa ni nzima. Skrini ya taa 25 haiwezi kubeba neno zima kwa pamoja, kwa hiyo inalipitisha kidogo kidogo, na kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa. Bloku zilizo chini yake kwenye mnyororo uleule wa bloku zinangoja neno liishe, huku magurudumu yakiendelea kuzunguka kwa sababu hakuna aliyeyaambia yasimame. Mpe HABARI mnyororo wake mwenyewe, na upimaji wa umbali mnyororo wake. Kadi hii inaweza kuendesha yote miwili kwa zamu. Au weka picha ya kuwasha nukta chache badala ya maneno.

"Skrini haionyeshi kitu, basi roboti imekufa"

Mara nyingi programu bado iko kwenye kompyuta, haijapelekwa kwenye roboti. MakeCode huonyesha mfano wa kadi pembeni ya bloku, na mfano huo hufanya kazi hata kama kadi yenyewe haijachomekwa, ndiyo maana wengi hudanganyika. Angalia pia bloku zilizofifia rangi: hazijashikana na bloku yoyote ya kuanzisha, kwa hiyo hazitatekelezwa.

"Bloku ni mchezo, programu ya kweli ni ya kuandika"

Kauli hii inaniuma, maana nimewaona watoto wakiacha kitu wanachokiweza kwa sababu mkubwa mmoja amekidharau. Blockly, maktaba ya bloku iliyotolewa na Google mwaka 2012, hugeuza bloku kuwa lugha za programu zinazoandikwa: JavaScript, Python, Lua, PHP au Dart. Bloku za Scratch 3 zimejengwa juu yake. Katika MakeCode unabonyeza kitufe na kuona kazi yako ileile ikiwa JavaScript au Python. Masharti, vitanzi, kigezo cha kutunza namba: vyote vipo, na kosa la mpangilio linabaki kosa lilelile katika sura zote mbili.

Kweli, bloku huchosha zikiwa nyingi. Skrini ya EV3 ina pikseli 178 kwa 128, yaani nukta 22,784, na hakuna atakayeziwasha moja moja. Lakini hata anayeandika kwa Python hafanyi hivyo. Wote wawili hutumia kitanzi.

"Roboti inaonyesha huzuni, basi inajua nina huzuni"

Watoto wadogo huuliza hili kwa dhati, na wanastahili jibu la dhati. Cozmo, roboti ya mwaka 2016, ilikuwa na uso wa skrini ndogo ambao macho yake yalimgusa kila aliyeyaona. Macho yale yalikuwa nukta zinazowaka na kuzimika kwa amri ya programu. Ukitaka roboti inune unapoiinua, ni wewe unayeunganisha sensa ya mwendo na picha ya kununa.

Ila usimwambie mtoto kwamba skrini haiwezi kuhisi chochote, kwa sababu ya micro:bit inaweza. Taa zake za LED hutumika pia kupima mwanga, kuanzia 0 hadi 255. Mwache aunganishe bloku ya kiwango cha mwanga na picha mbili, macho wazi na macho yaliyofumba, kisha afunike skrini kwa kiganja na kuchungulia kupitia vidole. Namba inashuka, na uso unalala.